Mkalimani wa Alkhamisi

Siku ya pili ya matanga ya Mamkubwa Shemsa, lori lilileta viti vya kukodi. Vijana wawili wakawa wanavishusha kimoja kimoja na kuvipanga uani, na mie na Rayya, binti yake wa pekee, tulikuwa tumesimama mlangoni na mabuibui yetu, macho yamevimba. Rayya akanitazama. Mie nikatazama chini, maana nilijua linalokuja. Akaniuliza polepole, "Saada, wanapeleka wapi viti?" Basi ilikuwa hiyo. Tukakimbilia chumba cha nguo, tukafunga mlango, tukacheka mpaka nikakalia kapu la nguo chafu na kapu likapasuka. Wageni wa sebuleni walisikia kishindo wakadhani msiba umetuzidi, wakatuletea maji baridi na marashi ya kujipaka. Maji niliyanywa kwa haya. Mwanamke aliyetulea wote wawili ana usiku mmoja tu kaburini, na sie twacheka kama tunaotekenywa. Lakini namjua Mamkubwa. Angekuwa hai angetukemea kwanza, kisha angeuliza tunacheka nini, kisha angecheka kuliko sie.

Nasaba yetu nawaachia wanaopenda kuandika nasaba, wako wengi na wanajuana. Kwa nini nililelewa na dada wa mama yangu badala ya mama yangu mwenyewe ni habari ndefu na haina kazi hapa. Mie nnataka kusema habari za mwaka mmoja tu, katikati ya miaka ya tisini, mwaka niliomaliza sekondari kwa alama zisizosemeka mbele ya wageni. Chuo kikuu cha Al Khoudh, hapa Oman, hakikunitaka, na mie, kwa siri, nilishukuru, maana ilikuwa lazima kupanda basi kila siku na kukaa na watu nisiowajua. Nilikuwa mtu wa nyumbani. Wengine wanakaa nyumbani kwa kukosa pa kwenda. Mie nilikaa kwa mapenzi. Nyumba yetu ya Ansab ilikuwa na kila kitu nilichokitaka: sebule yenye kiyoyozi kilichodondosha maji ndani ya ndoo ya plastiki, jiko lenye harufu ya iliki tangu alfajiri, na kochi la kahawia lililokwisha kubonyea kwa umbo langu, hata mtu mwengine akilikalia husema linambana. Rayya, aliyenizidi miaka minne na akifanya kazi maabara ya hospitali, alikuwa akirudi zamu na kunikuta palepale aliponiacha. "Bado uhai?" huniuliza akivua viatu. "Sogeza mguu basi, nijue."

Ile mashine ya video aliileta Ami Nassor, mume wa Mamkubwa. Aliinunua kwa mgeni mmoja mhandisi aliyekuwa akirudi kwao na kuuza vitu vyake vyote mpaka pasi. Tulipoiwasha tukakuta mna kanda ndani, yule mgeni aliisahau. Kanda nyengine zilikuja baadaye, za Kihindi na za Kimisri, lakini Bibi, mama yake Mamkubwa, alisema za Kihindi zinamliza na za Kimisri zina makelele. Akaitaka ile ile ya mgeni. Ilikuwa filamu ya Kiamerika, nyeusi na nyeupe, ya zamani sana, ya enzi zile wanaume wakivaa kofia hata ndani ya gari na wanawake wakilala na wanja machoni. Watu wake walikuwa wakizungumza kwa kasi, kama vitumbua vinavyochemka kwenye mafuta, hujamaliza kusikia hili limekuja lile. Kila Alkhamisi baada ya sala ya alasiri tulikaa kuitazama: Bibi kwenye mkeka na mto mgongoni, Mamkubwa kwenye kochi lake, katlesi na mkate wa kumimina mezani, birika la chai ya maziwa chini karibu na ndoo ya kiyoyozi.

Na kwetu filamu haitazamwi kimya kimya. Lazima awepo mtu wa kufasiri. Huwa ni mtu aliyesoma, anakaa chini karibu na televisheni na kusema kwa sauti kila linalosemwa, na akikohoa tu wenziwe humwuliza, "Sasa kasema nini?" Nyumbani mwetu aliyesoma na asiyekuwa kazini alikuwa mie. Kiingereza changu kilikuwa cha kitabu cha shule, kitabu kizima kina mtoto mmoja, mpira mmoja, na paka. Katika ile filamu hapakuwa na mpira wala paka. Lakini Mamkubwa alikuwa amekitia cheti changu kwenye fremu, bila ya kusoma alama, na alikuwa akiwaambia watu, "Saada Kizungu anakinywa." Nitasemaje kuwa nimekwama kwenye funda la kwanza?

Basi nikabuni. Mwanzo haukuwa mgumu, mtu akifungua mlango nasema "Hodi," akimwona mwenziwe nasema "Shikamoo, za nyumbani?" Shida ilikuja kwenye karamu. Palikuwa na bibie mmoja, mwenye nyumba, amevaa manyoya shingoni na shingo yenyewe ameinyoosha kama anatafuta kitu juu ya kabati. Ana wageni, meza ndefu, mishumaa. Mara wanaume wawili wenye mabega wanaingia, wanachukua kiti wanatoka nacho. Wanarudi, wanachukua chengine. Bibie anatabasamu na kuendelea kuzungumza kama hajaona. Mgeni mmoja mnene wanamwinua kwa adabu kabisa, wanakwenda na kiti chake. Mwisho watu wote wanakunywa supu wamesimama, vidole vidogo juu, na hakuna hata mmoja anayesema kitu.

"Wanapeleka wapi viti?" Bibi akauliza.

Nikasema neno la kwanza lililonijia, na kwa mtu wa kwetu neno la kwanza ni hilo hilo. "Wanaviazima, Bibi. Jirani ana harusi."

"Alaa! Kumbe Wazungu nao wanaazimana viti!"

"Sana, Bibi."

"Na hunu mama mbona kakaa ngazini analia?"

"Anamlilia mtoto wa jirani. Anaolewa mbali."

Bibi akafuta macho na ncha ya kanga. Mamkubwa akaweka kikombe chini akasema, "Mwanamke hasa huyo. Katoa viti vyote nyumbani mwake na shingo haikupinda." Tangu siku ile yule bibie akawa mtu wa nyumba yetu. Mamkubwa alimpenda kwa dhati, na akawa anainyoosha shingo yake vile vile anapowapokea wageni. Mwishoni mwa filamu bibie alikuwa na maneno mengi. Amesimama kwenye ukumbi mtupu, mbele yake binti yake na kijana muuza mafagio, anasema peke yake, anasema, anasema, kidole juu. Mie nikafasiri, "Haya, oaneni."

"Maneno yote yale ni 'oaneni' tu?" Bibi akashangaa.

"Kizungu ni kirefu, Bibi."

Tukaendelea hivyo miezi, na mie nikiamini kwamba duniani hakuna kazi nyepesi kama ukalimani. Mpaka Alkhamisi moja Rayya hakuwa na zamu. Alikaa nasi tangu mwanzo, kimya, akila katlesi. Vilipotoka viti nikamwona ameacha kutafuna. Filamu ilipokwisha akanifuata jikoni, akafunga mlango kwa mgongo.

"Wee Saada. Wale hawaazimi viti."

"Wanafanya nini?"

"Wamefilisika, mwanangu! Kila kitu mle ndani cha kukodi, mpaka vijiko, na dukani wamechoka kungoja, wamekuja kuchukua vyao. Na wale wageni nao wamefilisika vile vile, ndiyo maana hakuna anayeuliza. Filamu nzima inawacheka watu wanaojifanya wakubwa."

"Na yule mama pale ngazini?"

"Analia kwa sababu hana hata senti. Jirani gani? Harusi gani?" Akaanza kucheka, akashika ukingo wa sinki. "Na mwisho pale anawatukana wote, nyumba nzima, mpaka mbwa. Wewe umemfanya awe walii."

Nilimwomba asiseme. Akasema hatasema, lakini alilisema kwa namna ya mtu anayeweka kitu mfukoni kwa ajili ya baadaye. Baadaye haikuwa mbali. Mwezi haukwisha akaja na habari zake: kuna mtu anataka kumposa. Jina lake Salim, anafundisha chuoni Al Khoudh, na yeye mwenyewe Rayya anamtaka, alinambia hivyo akiwa amejifunika mto uso mzima, sauti ikitoka kama ya mtu aliye kisimani. Ila kulikuwa na jambo. Kina Salim ni Waomani waliorudi kutoka Afrika kama sie, lakini walitokea bara, Tabora, hawakutokea Unguja. Mnaosoma leo mtacheka. Watoto wetu wameoana mpaka hawajui nani alitoka wapi. Lakini mwaka ule, katika sebule ile, bara ilikuwa mbali sana.

Mamkubwa alilipokea jambo lile juu ya sinia la wali na mchuzi wa nguru, adhuhuri, sote tumekaa chini. Hakupiga kelele. Aliendelea kuchambua mwiba. "Watu wa bara," akasema. "Sina neno nao. Watu wazuri. Lakini watamlisha mtoto wangu ugali mchana kweupe."

"Nawe Shemsa," Bibi akasema, "ugali hujaula? Umeula mpaka ukaota meno."

"Mama, hayo hayasemwi mbele ya watoto."

"Watoto gani, hawa? Huyu anataka mume, na hunu hapa," akaninyooshea kidole chenye wali, "huyu ameshaolewa na kochi."

Mamkubwa hakucheka. Akasema posa hiyo hataisikia, na kwamba Rayya asimletee tena. Rayya akainuka hakunawa mkono. Usiku... hapana, hata usiku haukufika, ilikuwa bado alasiri, akaja kukaa kwenye ukingo wa kochi langu, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuwa na mzaha. Alinambia kuwa akikataliwa hatapiga mdomo, hatamwasi mama yake, lakini mwengine hatamtaka. "Nitakaa hapa na wewe," akasema, "mpaka kochi litubonyee sote wawili." Nikaona picha hiyo vizuri sana, na wallahi ilinitisha, kwanza kwa ajili yake, kisha kwa ajili ya kochi.

"Nifanye nini mie?"

"Si wewe unayemtia yule mama maneno mdomoni? Na Mamkubwa wako si anamsikiliza kuliko anavyomsikiliza imamu? Basi mtie na haya yetu."

Leo nikikaa nikifikiri naona lilikuwa jambo la ajabu, wasichana wawili wazima kutegemea mdomo wa mwanamke wa Amerika aliyekwisha kufa zamani. Lakini hatukuwa na mlango mwengine. Rayya aliahidi kunioshea vyombo mwezi mzima, nami nikaanza kazi. Yale maneno marefu ya mwisho, yaliyokuwa "oaneni" tu, yakaanza kukua. Alkhamisi ya kwanza nilimfanya bibie aseme kuwa mkwe mwenye adabu anatosha. Ya pili nikamfanya aseme kuwa hata marehemu baba yake aliuza mafagio. Ya tatu nikavuka mpaka.

"Anasema," nikafasiri, macho yangu kwenye televisheni, "'Na mie mwenyewe mama yangu kazaliwa bara.'"

"Amerika nako kuna bara?" Bibi akauliza.

"Kubwa sana, Bibi. Siku tatu kwa treni."

Mamkubwa akashusha kikombe. "Wiki iliyopita hakulisema hilo."

"Alilisema, Mamkubwa. Analisema haraka haraka, kama mtu anayeona haya."

Akanitazama kitambo. Mie nikamimina chai pasipokuwa na kikombe, nikaimimina kwenye sahani ya katlesi. Lakini siku mbili baadaye, akikunja nguo, Mamkubwa akasema bila ya kumtazama mtu, "Mwambieni huyo mama yake kijana aje kunywa chai. Kunywa chai si kuoa." Na akaweka siku: Alkhamisi, alasiri. Rayya alinikumbatia mpaka nikasikia mfupa.

Kumbe kazi ndiyo kwanza inaanza. Mamkubwa alipoamua kumpokea mtu wa bara aliamua ajue amepokewa na nani. Makochi yetu yakaonekana hayafai. Ng'ambo ya njia alikuwa akikaa Bi Nunu, ambaye mumewe alimletea seti ya viti vya mahameli nyekundu vyenye miguu ya rangi ya dhahabu, viti ambavyo yeye mwenyewe alivifunika nailoni na hakuvikalia. Jumatano dereva wa Bi Nunu akavivusha vyote, na nailoni ikavuliwa. Kochi langu likafichwa chumbani kwa Bibi kama mtoto mwenye surua. Siku yenyewe ubani ulifukizwa mpaka king'ora cha moshi, kama tungekuwa nacho, kingelia. Mie nilikaa ukingoni mwa kiti cha dhahabu nikiteleza.

Mgeni alikuja peke yake, akiendesha gari lake mwenyewe kutoka Al Khoudh. Jina lake Bi Thuraya, ila alisema kwao wanamwita Mwalimu tu. Mwanamke mrefu, mwembamba, miwani imening'inia kifuani kwa mnyororo, sauti ya mtu anayeita majina asubuhi. "Hamjambo hapa nyumbani? Shikamoo, Bibi." Akala kila alichopewa, akasifu mkate wa kumimina, akauliza umetiwa tui la ngapi. Mambo yalikwenda vizuri, vizuri hata Mamkubwa akalegea, na kulegea kwake ndiko kulikotuponza.

"Sie hapa, Mwalimu, Alkhamisi tunatazama filamu ya Kizungu," akasema, shingo imenyooka. "Saada anatufasiria. Kizungu chake mashallah. Washa, Saada, mgeni aone."

"Ah! Nitafurahi sana," Mwalimu akasema, akivaa miwani. "Mimi nimefundisha Kiingereza Tabora miaka ishirini na mbili."

Kijiko cha sukari kikamtoka Rayya mkononi. Baadaye aliniapia kuwa Salim alimwambia mama yake ni mwalimu, hakumwambia mwalimu wa nini, naye akadhani hesabu. Mie nilikuwa chini tayari, mbele ya mashine, kidole kwenye kitufe. Nikifasiri kweli, ambayo isitoshe sikuijua isipokuwa kwa kuhadithiwa, nyumba nzima itajua kuwa miezi yote nimewadanganya, na Mamkubwa atajua ya bara yalitoka wapi, na posa itakufa papo hapo. Nikiendelea na yangu, huyu mama atarudi Al Khoudh amwambie mwanawe kuwa ile ni nyumba ya waongo. Nikabonyeza. Hata leo nikiwa mbele ya jambo gumu naona kidole changu kinatafuta kitufe.

Nilifasiri kwa sauti ndogo. Hodi, karibu, za nyumbani. Ikaja karamu, wakaingia wale wanaume wawili, kikatoka kiti cha kwanza. "Wanaviazima," nikasema. "Jirani ana harusi." Nikamsikia Mwalimu akigeuza kichwa. Hapo Bibi, aliyekuwa na furaha ya kuwa na mgeni wa kumwelezea, akapiga paja lake akasema:

"Umeona, Mwalimu? Kama sie! Na hicho ulichokalia cha Bi Nunu wa hapo ng'ambo. Vimekuja jana vyote!"

Kiyoyozi kilidondosha tone, na tone likasikika. Mamkubwa alikuwa ametazama mbele, shingo bado imenyooka, lakini uso umemshuka wote, kama nguo iliyoachiwa kamba. Kwenye televisheni yule mnene alikuwa akiinuliwa. Mwalimu akatazama mguu wa dhahabu wa kiti chake. Akatazama wale wanaume wanaotoka na viti vya watu. Akanitazama mie, na nikajua amefahamu kila kitu, mpaka yale nisiyoyafahamu mwenyewe. Neno moja la kweli, la Kiingereza alichokifundisha miaka yote ile, na Mamkubwa asingemsamehe, wala yeye wala bara nzima.

"Saada mwanangu," akasema, "hapo umeruka."

"Nimeruka, Mwalimu?"

"Umeruka sentensi nzima. Mama mwenye nyumba anasema, 'Mimi mwenyewe siku ya harusi yangu nilikalia kiti cha kuazima, na bwana harusi sikumwambia mpaka tulipopata mtoto wa tatu.'"

Bibi akacheka mpaka akashika mbavu. Mamkubwa hakucheka. Akauliza kwa sauti ya chini, "Kasema hivyo?"

"Kwa Kiingereza safi kabisa."

"Na yule mnene?" Bibi akadakia. "Yule anasema nini, siku zote Saada hanambii."

"Yule? Anaomba aongezewe supu."

Ikawa hivyo mpaka mwisho, yeye ananirukia mie, mie namrukia yeye, wawili tunafuma uongo mmoja kama wanaosuka mkeka kutoka ncha mbili. Yalipofika yale maneno marefu ya bibie nikanyamaza, nikitumai atayachukua. Akasema tu, "Endelea, mkalimani." Basi nikayatoa yote, adabu, mafagio, na mama aliyezaliwa bara, siku tatu kwa treni. Mwalimu hakuondoa macho kwenye televisheni. Filamu ilipokwisha akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya mtandio. "Pale pa bara umefasiri vizuri sana," akasema. "Hiyo ndiyo sehemu ngumu."

Akaenda zake. Viti vikarudi kwa Bi Nunu. Siku ya tatu Mamkubwa alinikuta uani nachagua mchele, akaketi mbele yangu, akavuta ungo upande wake.

"Lile neno la kiti cha harusi. Miezi yote hukulisema."

"Niliruka, Mamkubwa."

"Unaruka mangapi?"

"Machache."

"Hm," akasema. Akainuka, akaenda ukumbini kwenye simu, akaondoa kile kitambaa cha kufuma kilichoifunika. Rayya alitokea nisikojua, tukasimama nyuma ya pazia, kucha zake ndani ya mkono wangu.

"Bi Thuraya? Mie Shemsa... Alhamdulillahi. Nnataka kukuuliza jambo moja tu, na wewe mwalimu, husemi uongo. Yule mama kwenye filamu. Lile la kiti, kalisema kweli?" Akasikiliza. "Hivyo hivyo?" Akasikiliza tena. "Na lile la bara?" Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akateremsha sauti, lakini nyumba yetu ilikuwa na kuta za kusikilizana. "Basi nikwambie, Mwalimu, na liishie hapa. Mie nami siku ya harusi yangu makochi yote yalikuwa ya kuazima. Mume wangu hajui mpaka leo."

"Najua!" Ami Nassor akaita kutoka majlis, sebule ya wanaume.

Mamkubwa akafunika simu kwa kiganja, akageuka, mdomo wazi. Halafu akaanza kucheka, cheko ambalo sijalisikia kwake tena ila mara chache, cheko la msichana. Akarudi kwenye simu akasema, akijifuta macho, "Waje Ijumaa hii inayokuja. Na wanaume." Kama alisadiki yale maneno ya bibie au alichagua kuyasadiki, hakuwahi kunambia, na mie sikuwahi kuwa na ujasiri wa kumwuliza.

Walikuja Ijumaa, wakakaa kwenye makochi yetu ya kahawia, na babake Salim alikalia langu akasema linambana. Fatiha ikasomwa, posa ikakubaliwa. Nilikuwa jikoni napanga vikombe vya kahawa Mwalimu alipoingia, akafunga mlango kwa mgongo kama alivyofanya Rayya.

"Unajua hata neno moja la filamu ile?"

"'Hodi,'" nikasema. "Lakini nalo sina hakika."

Hakucheka, ingawa niliona mashavu yake yakihangaika. "Mimi nimesema uongo kwenye simu," akasema, "kwa mwanamke mzima aliyeniuliza kwa sababu mimi ni mwalimu. Nimekuwa silali vizuri. Sasa nimefikiri. Kila Alkhamisi utakuja kwangu Al Khoudh, nikufundishe, mpaka yale niliyoyasema juu ya Kiingereza chako yawe kweli."

"Al Khoudh mbali, Mwalimu. Na mie sina mazoea ya kutoka."

"Nina gari," akasema.

Alkhamisi iliyofuata, saa kumi kamili, honi ikalia nje. Nilipiga magoti kutafuta viatu vyangu vya kutokea chini ya kitanda, nikakuta vimekauka na kupinda kama dagaa, kimoja kimefungwa na utando wa buibui. Nikavaa vya Rayya, vilivyonizidi kidole kizima, nikatoka navyo nikiburura mbele ya mlango wa Bi Nunu, ambaye alichungulia dirishani kuona nani amekufa. Nikaingia garini, nikafunga mkanda. Mwalimu akaniuliza kitu kwa Kiingereza. Nusu yake niliifahamu. Ile nusu ya pili ilikuwa tayari inajitunga yenyewe mdomoni mwangu, na harusi na viti vyake, nikaifunga midomo. "Sijafahamu, Mwalimu," nikasema. "Hebu sema tena." Akasema tena.